Sura ya Sita: Kampuni Huishia Wapi

Bukavu haina kisima cha mafuta. Haina mtambo wa kusafishia, haina bomba, haina gati la meli za mafuta. Hata hivyo, ukishuka asubuhi kutoka soko la Kadutu kwenda Nyawera, hukosi kumpita mfanyakazi wa sekta ya mafuta. Amekaa kwenye kigoda kando ya barabara. Mbele yake zimepangwa chupa za plastiki zilizojaa esansi, yaani petroli, miguuni pana bidoni la manjano la litri 20, begani mpira wa kunyonyea, mkononi chupa iliyokatwa kwa kisu ikawa mdomo wa kumiminia, na ndani yake kitambaa cha kuchujia takataka. Watu humwita Kadhafi, kwa jina la yule aliyekuwa mkuu wa Libya. Wakuu wa miji ya mashariki wamempiga marufuku zaidi ya mara moja, naye hajahama.

Kazi yake ni kugawa kidogo kidogo. Motari, dereva wa pikipiki, hana pesa ya kujaza tangi. Anataka litri moja, pengine nusu, imfikishe Panzi na imrudishe akiwa na abiria wawili mgongoni. Stesheni ina foleni, na siku ya uhaba hufungwa mapema. Kadhafi yupo. Anatia mpira ndani ya bidoni, ananyonya kwa mdomo mpaka esansi ipande, anatema, anaelekeza mpira kwenye chupa. Mara mojamoja anameza. Wenzake watamkimbizia maziwa, kwa imani kwamba maziwa huua sumu, na pengine watamtapisha. Madaktari wanakataza kutapisha: esansi iliyomezwa ina hatari kubwa zaidi inapoteleza kuingia mapafuni kuliko inapotulia tumboni. Hatua mbili kutoka alipo, mama anachoma mahindi kwenye makaa.

Nimeanza na mtu huyu kwa sababu vitabu vinavyosimulia kazi ya mafuta humwacha nje. Vinaanza na mhandisi mwenye helmeti. Lakini mafuta ni yaleyale, tangu yanapotoka chini ya bahari mpaka yanapoingia kwenye tangi la pikipiki, na mtu anayeulizia maisha ya mfanyakazi wa kampuni kubwa ya mafuta lazima kwanza aamue kampuni hiyo inaishia wapi. Wanaoandika taarifa za mwaka za kampuni wana jibu lao. Kadhafi naye, akiulizwa, anaweza kuwa na lake.

Fuata chupa yake kinyumenyume. Esansi na mazutu (dizeli) ya Bukavu hayatoki Kongo. Kongo inachimba mafuta, ndiyo, lakini huko Muanda, pale ambapo nchi inagusa Atlantiki kwa kipande chembamba, na mafuta ghafi yote ya huko hupakiwa melini na kuuzwa nje. Mtambo wa SOCIR uliojengwa karibu na Muanda katika miaka ya 1960 haukufaa kwa mafuta ya nchi yenyewe, na leo hausafishi kitu. Mafuta ya Bukavu huja yakiwa yamesafishwa kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, hupanda malori, na huingia mjini kupitia Rwanda kwenye daraja la Ruzizi au kupitia Burundi na Uvira. Kila kituo kina mwajiri wake. Mwenye meli siye mwenye mafuta, mwenye mafuta siye mwenye lori, na dereva mara nyingi anamjua mwenye lori kwa sauti ya simu tu. Kutoka Uvira kuja Bukavu dereva ana njia mbili. Anaweza kupanda miteremko ya Ngomo, ambako barabara ya taifa namba 5 inakatwa ubavuni mwa mlima na magari hutumbukia, au avuke mpaka apite lami ya Rwanda na kuvuka tena, akilipa huku na huku. Wengi hulipa.

Sasa tuende kwenye ule upande mwingine, unaotamaniwa. Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu kinafundisha jeolojia, na kila mwaka vijana hutoka na diploma zao wakitafuta pa kuzipeleka. Mjini hapa kuna mashirika yasiyo ya kiserikali, kuna Kanisa, kuna serikali isiyolipa kwa wakati, kuna Pharmakina na kwinini yake, na hadi mwaka 2025 kulikuwa na kiwanda cha bia cha Bralima. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na Banro, kampuni ya Kanada iliyotoa dhahabu ya kwanza Twangiza mwaka 2011, na iliyowafundisha watu wa Bukavu kutamani sare yenye jina la kampuni kifuani. Kampuni ya mafuta ni kilele cha tamaa hiyo. Mshahara wa dola unaoingia benki tarehe ileile, hospitali inayolipiwa, ndege ya kwenda kazini.

Mengi ya hayo ni kweli. Aliyeajiriwa moja kwa moja kufanya kazi kwenye jukwaa la baharini, pwani ya Muanda, Cabinda au Ghuba ya Guinea, huishi kwa zamu. Mpangilio wa kawaida Afrika ni siku 28 kazini na 28 nyumbani. Kazini ni saa 12 kwa siku, mchana au usiku, bila Jumapili. Pombe ni marufuku. Chakula ni kingi na kizuri, na watu hunenepa. Anayefika kwa helikopta hufundishwa kwanza jinsi ya kutoka ikiwa helikopta itaanguka majini: unafungwa mkanda ndani ya kasha, kasha linazamishwa kwenye bwawa na kupinduliwa, nawe unahesabu, unasukuma dirisha, unatoka. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Kivu bila kujifunza kuogelea, na hao si wachache, hulikumbuka bwawa hilo kuliko mtihani wowote wa chuo.

Kinachomshangaza mgeni zaidi ni adabu ya usalama. Kila asubuhi kikao kifupi: leo tunafanya nini, nini kinaweza kutuua. Kupanda ngazi bila kushika reli ni kosa la kuandikiwa ripoti. Gari huegeshwa kinyumenyume, ili siku ya hatari litoke moja kwa moja. Hakuna anayefungua valvu bila kibali cha kazi, karatasi yenye sahihi zinazoonyesha kwamba mtu mwingine hajaacha kitu wazi mahali pengine kwenye bomba lilelile. Karatasi hiyo ina historia. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, watu wa zamu ya usiku waliwasha pampu bila kujua kwamba valvu yake ya usalama ilikuwa imetolewa mchana kwa matengenezo. Kibali kilichosema hivyo kilikuwapo, ila hakikuwafikia. Walikufa watu 167. Jaji Cullen aliyeongoza uchunguzi alitoa mapendekezo 106, na tangu hapo kampuni zimejenga karibu dini nzima juu ya karatasi, sahihi na kengele. Siwacheki. Dini hiyo imeokoa watu.

Ofisini mambo huwa baridi zaidi. Shell, kwa miongo mingi, ilikuwa na utaratibu wa kumkadiria kila ofisa si kwa kazi anayoifanya leo tu, bali kwa cheo cha juu kabisa anachotazamiwa kukifikia kabla ya kustaafu. Kijana wa miaka thelathini hivi tayari ana makadirio ndani ya faili lake, na makadirio hayo ndiyo yanayoamua nani apelekwe nchi ngumu akajifunze na nani aachwe kwenye dawati. Mojawapo ya sifa zilizopimwa iliitwa helikopta: uwezo wa kupanda juu ukaona jambo zima, kisha kushuka kwenye kipande kinachohitaji kushughulikiwa. Serikali ya Singapore iliupenda utaratibu huo hata ikauazima katika miaka ya 1980 kwa watumishi wake wa umma. Kwa mzaliwa wa nchi yenye kisima, hata hivyo, kuna mpaka mwingine usioandikwa kwenye faili: mkazi na mgeni. Mgeni hulipwa kwa kipimo cha kwao, nyumba na karo za watoto juu. Mkazi hulipwa kwa kipimo cha nchi. Wanakaa meza moja, wanaangalia ramani moja.

Lakini hao wote, mkazi na mgeni, ni wachache. Kampuni ya mafuta ni kubwa kwa pesa, si kwa watu. Kinachoonekana kama kampuni, ukikisogelea, ni soko la kampuni nyingine: huyu anachimba, yule anamwaga saruji, yule anapika, yule analinda geti, yule anasafirisha. Muanda kilio hicho ni cha zamani. Wakazi wanaona moto wa gesi ukiwaka usiku juu ya visima vya kampuni ya Perenco, na wanapoomba kazi huambiwa waende kwa mkandarasi, ambaye anawachukua kwa vibarua vya siku. Bunge la Kinshasa lilijaribu kuigeuza hali hiyo iwe faida: sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi za ukandarasi mdogo zipewe kampuni zenye mtaji ulio mikononi mwa Wakongomani kwa sehemu kubwa. Ni sheria nzuri kwa tajiri Mkongomani. Kibarua bado ni kibarua, ila sasa bosi wake wa karibu anaongea Lingala.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mbali na Kongo. Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko. Dunia nzima ililijua jina moja, BP, na ni haki, maana ndiyo iliyoendesha kisima cha Macondo na kumiliki sehemu yake kubwa. Ila mtambo ulikuwa wa Transocean, umekodishwa kwa karibu dola nusu milioni kwa siku. Saruji ya kisima ilikuwa ya Halliburton. Tope la kuchimbia lilisimamiwa na M-I SWACO. Mtamboni walikuwapo watu 126, na wa BP hawakufika kumi. Waliokufa ni 11: tisa wa Transocean, wawili wa M-I SWACO. Wa BP, hakuna. Mchana wa siku hiyo wakubwa wa BP na wa Transocean walikuwa wametua hapo kwa helikopta, na moja ya sababu za ziara yao ilikuwa kuipongeza timu kwa miaka saba bila mtu kuumia kiasi cha kukosa kazi. Kila mfanyakazi alikuwa na haki, iliyoandikwa, ya kusimamisha kazi akiona hatari. Kazi ilikuwa imechelewa kwa wiki kadhaa, na kipimo cha mgandamizo kilichosomwa jioni hiyo kilisomwa vibaya. Mkandarasi mdogo kumsimamisha mwenye kisima anayelipa kwa siku, hiyo ni haki ya kwenye karatasi.

Kisima hicho kiliendelea kumwaga mafuta baharini mpaka katikati ya Julai. Kamera ya chini ya maji ilionyesha mchana na usiku lile wingu la kahawia likipanda, na dunia ikalitazama. Kabla kisima hakijazibwa, Ijumaa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka katika kijiji cha Sange, kwenye uwanda wa Ruzizi, barabara ya Uvira kuja Bukavu.

Ilikuwa jioni ya robo fainali ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na watu wengi walikuwa wamejazana kwenye vibanda vya kutazamia mpira. Lori lilipinduka katikati ya nyumba. Esansi ikaanza kutiririka. Watu wakatoka na ndoo, sufuria, bidoni, chochote chenye mdomo, wanawake na watoto pamoja. Kisha moto ukashika. Nyumba za udongo na nyasi ziliungua na waliokuwa ndani, na vibanda vya mpira viliungua na watazamaji wake. Si chini ya watu 230 walikufa. Kesho yake Msalaba Mwekundu na askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakizika miili isiyotambulika katika makaburi ya pamoja.

Nimesikia mara nyingi neno linalotumiwa kuifunga habari hii: ujinga. Walichota esansi, wakaungua, ni ujinga. Sikubaliani. Kule Ghuba ya Meksiko, watu waliosoma, wenye vipimo vya kompyuta na haki ya kusimamisha kazi, nao waliendelea kwa sababu kila saa ilikuwa na bei. Kwa mama wa Sange, bidoni moja la litri 20 lilikuwa na thamani ya siku nyingi za kulima shamba la watu. Bei hiyo aliijua vizuri kabisa, kwa kuwa Kadhafi yupo kila senta ya uwanda na hununua papo hapo. Kwa dakika hizo kabla ya moto, kijiji kizima kiliingia katika biashara ya mafuta bila mkataba, bila kikao cha asubuhi, bila mtu wa kusema nini kinaweza kutuua. Waliokufa Sange walikuwa mara ishirini ya waliokufa Macondo, na hakuna kampuni iliyowahesabu kuwa wake. BP imelipa zaidi ya dola bilioni 60 kwa ajili ya Macondo. Haikuzilipa kwa huruma: kulikuwa na mahakama iliyoweza kuifuata, na leseni yenye jina lake.

Sange si peke yake. Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, Januari 2009, zaidi ya mia. Mbuba, kwenye barabara ya Matadi kwenda Kinshasa, Oktoba 2018, wapatao hamsini. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya mia. Ramani ya vifo vya mafuta Afrika yetu haifuati visima. Inafuata barabara, mahali lori linapopita bila mtu yeyote wa kampuni kuwa karibu.

Wapo walioyatafuta mafuta karibu nasi zaidi. Mwaka 2006 yalithibitishwa upande wa Uganda wa Ziwa Albert, na tarehe 3 Agosti 2007 mfanyakazi Mwingereza aliyekuwa akipima ziwa hilo kwa ajili ya Heritage Oil aliuawa kwa risasi katika mapambano na askari wa Kongo, karibu na kisiwa cha Rukwanzi, mahali ambapo nchi mbili hazikuafikiana mpaka uko wapi. Naye alikuwa mkandarasi. Mwezi uliofuata marais Kabila wa Kongo na Museveni wa Uganda walikutana Ngurdoto, Arusha, wakatia sahihi makubaliano. Leo TotalEnergies na CNOOC wanajenga upande wa Uganda, na bomba la kilomita 1,443 linakwenda Chongoleani, Tanga, likipashwa moto njia nzima hadi nyuzi 50 kwa sababu mafuta ya Albert yana nta na huganda yakipoa. Vijana wa Hoima na Buliisa wamejifunza somo ambalo wa Turkana, Kenya, walilijua mapema: kazi nyingi ni za kujenga. Shimo likishachimbwa, bomba likishafukiwa, wanabaki wachache mbele ya skrini. Turkana, Oktoba 2013, wakazi walivamia maeneo ya kampuni ya Tullow wakidai ajira, na kampuni ikasimamisha kazi kwa muda. Walidai wakati mwafaka, kazi ikiwa bado inahitaji mikono. Wangechelewa, wangekuwa wanaugongea mlango usio na mtu nyuma yake.

Upande wa Kongo, kampuni ya SOCO ya London ilipewa kitalu kilichoingia ndani ya Hifadhi ya Virunga na Ziwa Edward. Huko ilidhihirika jinsi ilivyo kufanya kazi dhidi ya mafuta. Mlinzi wa hifadhi Rodrigue Mugaruka Katembo alizuia ujenzi uliohusiana na kampuni hiyo. Septemba 2013 alikamatwa na kuteswa. Filamu ya Virunga ya mwaka 2014 iliionyesha dunia habari hiyo, na mwaka huohuo SOCO ilikubali kuondoka. Wavuvi wa Vitshumbi, ambao baadhi yao walikuwa wameahidiwa kazi, walibaki na samaki na vita.

Swali la wapi kampuni huishia lilijibiwa vizuri zaidi, kwa maoni yangu, hapa hapa Bukavu, na wala si kwa mafuta. Lilijibiwa na wafanyakazi wa bia. Wakati wa vita vya pili vya Kongo, kundi la waasi la RCD likitawala mji, Bralima ilipunguza wafanyakazi. Kati ya mwaka 1999 na 2003, wafanyakazi 168 waliachishwa, na ruhusa za kuwaachisha zilipitia kwa wakuu wa waasi. Bralima ilikuwa tawi la Heineken ya Uholanzi. Kwa mtu wa kawaida wa Kadutu, Amsterdam ilikuwa mbali kama mwezi: alikuwa ameajiriwa na kiwanda cha kandokando ya ziwa, bosi wake alikuwa hapa, barua ya kumfukuza ilitiwa sahihi hapa. Wengi wangeishia hapo. Hawa hawakuishia. Waliandika, wakaandika tena, miaka ikapita, baadhi yao wakafa. Desemba 2015 waliipeleka kesi yao kwenye ofisi ya Uholanzi inayosimamia miongozo ya OECD kwa kampuni za kimataifa. Ofisi hiyo si mahakama. Haina polisi. Kazi yake ni kuwakalisha watu meza moja. Mwaka 2017 pande mbili zilifikia makubaliano, na wale wa Bukavu wakalipwa fidia.

Kilichobadilika katika ile miaka kumi na zaidi ni mstari wa mwisho wa kampuni tu: ulitoka kwenye lango la kiwanda cha Bukavu ukasogezwa mpaka makao makuu Amsterdam. Sheria ya Kongo ilikuwa ileile, na bia ileile. Waliousogeza ni watu wasio na kazi, kwa barua. Ninapomsikia mwanasheria wa kampuni yoyote akisema kwamba jambo fulani ni la mkandarasi, nawakumbuka.

Vita vimerudi tangu wakati huo. Waasi wa M23 waliingia Bukavu katikati ya Februari 2025, benki zikafungwa, na mwezi Juni Heineken ikatangaza kwamba haina tena mamlaka juu ya vituo vyake vya Bukavu na Goma na imewaondoa wafanyakazi wake waliosalia. Kadhafi hakuondolewa na mtu.

Sasa inakuja gesi. Chini ya Ziwa Kivu, katika maji mazito ya kina yasiyochanganyika na yale ya juu, zimelala kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani, pamoja na kaboni dioksidi mara tano ya hapo. Gesi hiyo ni mali na ni tishio. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno likilinganishwa na letu, lilitapika kaboni dioksidi usiku na kuua watu wapatao 1,700, wakati mwambao wa Kivu una wakazi wapatao milioni mbili. Upande wa Rwanda gesi imekwisha kuwa ajira. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kiliitumia tangu miaka ya 1960, na tangu 2016 KivuWatt, karibu na Kibuye, inazalisha megawati 26 kutoka jahazi lililotia nanga kilomita kadhaa kutoka ufukweni. Mabomba yake yanashuka mita 350 na zaidi. Maji yakianza kupanda, mapovu ya gesi huyavuta yenyewe. Juu ya jahazi gesi hutenganishwa, husafishwa, hupelekwa nchi kavu kwa bomba, na maji yaliyopungukiwa gesi hurudishwa kwenye kina kinachofaa ili tabaka za ziwa zisivurugike. Watu wa zamu wanaishi na hesabu hiyo: wakikosea kina, hawaharibu mtambo wao tu.

Upande wa Kongo, serikali ilitangaza mnada Julai 2022: vitalu 27 vya mafuta, na vitatu vya gesi katika Ziwa Kivu. Mnada wa mafuta ulifutwa Oktoba 2024. Ule wa gesi ulikwisha kuwa na washindi tangu Januari 2023: Symbion Power, Winds Exploration and Production, na Alfajiri Energy. Hizo si Shell wala Exxon. Ni kampuni ndogo, na kampuni ndogo hukodisha karibu kila kitu. Kwa hiyo ikiwa siku moja mji utatulia na jahazi likatia nanga mbele ya kisiwa cha Idjwi, watakaolihudumia watakuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa wakandarasi: mwendesha boti, mpishi, fundi wa kuchomelea, mlinzi, mama wa kufua makoti ya kazi.

Kijana wa jeolojia atakayeitwa kwenye usaili pengine ataulizia mshahara, na ana haki. Mimi ningeuliza jambo la pili. Maji ya kina ya Kivu yana pia hidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai bovu ikiwa kidogo, na inayoua uwezo wa pua kuinusa ikiwa nyingi. Kwa sababu hiyo, kwenye mitambo ya namna hii, mfanyakazi hubandika kifuani kifaa kidogo kinacholia gesi inapozidi. Kifaa hicho ni cha nani? Je, mpishi anapewa? Mwendesha boti anayefunga kamba ubavuni mwa jahazi mara sita kwa siku, anapewa? Na kikilia, kila mmoja akakimbia kuelekea boti, orodha ya majina inayosomwa ufukweni kuhesabu waliofika imeandikwa na nani, na ina majina ya kampuni ngapi?